Namna ya Kukagua na Kuboresha Chakula cha Watoto katika Kituo cha Malezi ya Mchana

Ukitaka kujua watoto wa kituo chako wanalishwaje, usianze na ratiba iliyobandikwa ukutani. Ingia jikoni asubuhi mpishi anapoinjika sufuria, na usitoke mpaka vikombe virudi kuoshwa. Fanya hivyo kwa siku tatu zisizofuatana, moja kati ya hizo ikiwa karibu na mwisho wa mwezi, kwa sababu chakula cha tarehe 5, michango ya wazazi ikiwa imeingia, si chakula cha tarehe 27. Nenda na daftari, mizani ndogo ya jikoni na kikombe chenye alama za mililita. Mweleze mpishi mapema kwamba unapima chakula, humpimi yeye, maana mpishi aliyetishwa hupika vizuri siku ile na kesho akarudia desturi yake.

Andika kwanza vilivyoingia sufuriani: unga kilo ngapi, maji lita ngapi, sukari kiasi gani, na watoto ni wangapi. Vituo vingi vya Tanzania hutegemea uji, na hapo ndipo lishe hupotea bila mtu kukusudia. Katika kituo kimoja niliona uji mzito wa kutosha ukiwa tayari mapema. Saa nne, watoto walipozidi idadi iliyotarajiwa, mpishi alimimina majagi mawili ya maji ya moto, akaongeza sukari ili ladha irudi, na kila mtoto akapata kikombe kilichojaa. Kwa kutazama tu, hakuna aliyepunjwa. Lakini tumbo la mtoto mdogo hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 12 akishakunywa kama mililita 360 amejaa, uwe ni uji au ni maji yenye rangi ya uji. Chota kijiko kimoja, kisha ukiinamishe: uji unaochuruzika kama chai ni mwepesi mno, na ulio sawa hudondoka polepole.

Dawa yake ni kuhesabu watoto kabla ya moto kuwashwa na kupima unga kwa idadi yao. Uji ukiwa mzito hata watoto wadogo wakashindwa kuumeza, usiongeze maji. Uache upoe kidogo, ukoroge humo unga wa kimea (nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa) cha ulezi au mtama, nao utalainika wenyewe, kisha uuchemshe tena.

Mchana simama karibu na upawa. Maharage huzama, na mpakuaji asiyekoroga huwapa watoto wa mwanzo mchuzi mtupu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania hupanga vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi; jamii ya kunde, karanga na mbegu; vyakula vya asili ya wanyama; mboga; matunda; na mafuta. Weka alama kwa kila kundi lililofika kwenye sahani ya mtoto, kwa kuwa lililonunuliwa huenda lisimfikie. Mara nyingi matunda na vyakula vya asili ya wanyama ndivyo vinavyokosekana, na kwa kituo chenye fedha kidogo ningependekeza dagaa waliochambuliwa mchanga, wakakaangwa na kusagwa, wakachanganywa na mboga. Ondoa chai wakati wa mlo, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Kipande cha chungwa au papai husaidia kinyume chake.

Kagua pia ghala. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoathirika zaidi. Kwa hiyo kataa nafaka yenye ukungu, na usisage karanga pamoja na unga utakaokaa wiki kadhaa. Zisage kidogo kidogo unapohitaji. Karanga nzima usiwape watoto wadogo kabisa, zinaweza kuwapalia.

Utepe wa kupimia mkono utakuonyesha mtoto wa chini ya miaka mitano aliyekonda: mzunguko wa mkono wake wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5 apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na kati ya hapo na 12.5 afuatiliwe kwa karibu. Utepe huo hauonyeshi udumavu (ufupi usiolingana na umri), ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta kwa asilimia 30 ya watoto wa umri huo nchini, kwa hiyo pima urefu pia na usome kadi za kliniki.

Usibadilishe yote kwa mpigo. Anza na uzito wa uji, ukae nao wiki mbili, kisha uende kwenye upawa. Katika kikao cha wazazi weka mezani vikombe viwili vya uji, cha zamani na kipya, pamoja na unga uliopimwa kwa kila kimoja, na ndipo uzungumzie michango. Tarehe 27 ikifika, rudi jikoni na mizani ileile.