Njia kwanza, bembea baadaye: kuufanya uwanja wa shule uchezeke na watoto wenye ulemavu

Nikiitwa shuleni kwa kazi ya aina hii, mara nyingi nakuta bembea imeshanunuliwa. Imepakwa rangi nzuri, imesimikwa pembezoni kabisa, na kati yake na madarasa kuna mita 40 za mchanga mtupu. Mtoto wa kiti mwendo anaiangalia kwa mbali. Mimi ni fundi mwashi, kazi zangu nyingi ziko Pwani kwenye ardhi ya kichanga, na huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Hudhuria mapumziko ya saa nne

Siku ya kwanza acha futi nyumbani. Kaa chini ya mti watoto wakinywa uji, uangalie nani anakwenda wapi na nani habanduki barazani. Mwenye ualbino anaweza kuwa amejibana ukutani kwa sababu kivuli kingine hakuna. Kiziwi anabaki uwanjani peke yake kwa kuwa hakusikia kengele. Kisha waulize wenyewe wanataka kucheza nini. Mwisho azima kiti mwendo, ukalie wewe, utoke darasani hadi chooni hadi uwanjani. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo yatakayokusimulia: yanazama kwenye mchanga kabla hata hujafika mbali. Kila ulipokwama, weka alama ya chokaa.

Hatua ya 2: Jenga njia

Hapa ndipo fedha ziende. Upana usipungue sentimita 120, na mwisho wa njia acha duara la sentimita 150 ili kiti kigeuke bila kusaidiwa. Zege ni zuri lakini ni ghali, na shule nyingi haziliwezi. Mimi huchanganya kifusi chekundu na saruji: mfuko mmoja wa kilo 50 kwa toroli sita hivi za kifusi kilichochekechwa. Chimba, toa mchanga laini na mizizi, mwaga mchanganyiko, nyunyiza maji kiasi (ukiufinya mkononi ushikamane bila kuchuruzika), kisha shindilia mpaka unene ubaki sentimita 10. Mfuko mmoja unakupa kama mita mbili za njia, kwa hiyo pima umbali kabla hujaahidi kitu kwenye kikao cha kamati.

Njia iwe na mgongo kidogo katikati, ishuke sentimita mbili kwa kila mita kuelekea pembeni, maji ya mvua yasituame. Funika kwa magunia mabichi, mwagilia siku saba. Wazazi wakija kwa msaragambo, hiyo ndiyo kazi ya kuwapa. Mkiwa na watu wa kutosha, siku hiyohiyo endelezeni sakafu ya mita sita kwa nne mwisho wa njia. Utaona kazi yake mbele.

Hatua ya 3: Rampu ya barazani

Kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Baraza la sentimita 45 linataka rampu ya mita 5 na sentimita 40. Ndiyo, ni ndefu. Rampu yangu ya kwanza niliifupisha ikawa mita mbili, nikidhani naokoa saruji ya shule. Watoto watatu wakawa wanamsukuma mwenzao kupanda, na wakati wa kushuka wanamvuta nyuma kama gari lisilo na breki. Wiki ya pili akawaponyoka. Alichubuka viwiko tu, ila niliivunja na kuijenga upya kwa fedha zangu.

Pande zote mbili weka ukingo wa sentimita 10, gurudumu lisichomoke. Usilainishe sakafu: ikiwa bado mbichi, ipitishie ufagio wa chelewa kwa kukingama, ipate michirizi ya kushika tairi na magongo.

Hatua ya 4: Kivuli, rangi na bendera

Panda mwarobaini, lakini usiusubiri ukue. Funga turubai kwanza. Paka rangi ya njano kingo za rampu na nguzo zote kwa ajili ya wenye uoni hafifu. Kengele ikigongwa, bendera ipandishwe pamoja nayo.

Hatua ya 5: Vifaa

Sasa bembea. Kalio la tairi lining'inie sentimita 45 hadi 50 kutoka chini, sawa na kiti mwendo, ili mtoto ahame mwenyewe. Chagua tairi lisilotokeza nyaya na ulitoboe upande wa chini, la sivyo unafuga mbu. Meza ya mchanga iwe na uwazi wa sentimita 70 chini yake, magoti yaingie.

Kamati ikihoji kwa nini michezo wakati madawati hayatoshi, waambie kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ibara ya 30, unaitaja michezo ya shuleni waziwazi, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009.

Hatua ya 6: Michezo yenyewe

Kwa wasioona, tengeneza mpira wa matambara wenye sauti: kikopo cha plastiki cha dawa, ndani vizibo vinne vya soda, zungushia matambara na kamba. Usizidishe matambara, yanaimeza sauti. Zamani mifuko ya rambo ilitosha kwa kuchakarika kwake, ila ilipigwa marufuku mwaka 2019. Mpira ukisimama unanyamaza, basi uchezwe kwa kuviringishwa.

Ile sakafu ni ya rede, mchezo ambao wawili wanarusha mpira na wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mtoto wa kiti mwendo hupewa urushaji tu, kila siku, mpaka anachoka. Shule moja watoto walijitungia sheria: chupa na mchanga vinawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa ili avifikie, na mpira ukigonga gurudumu hajafa, mpaka umguse mwilini. Ikazuka kesi mpya, kwamba anaukinga kwa makusudi kwa kugeuza kiti. Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana, naye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Hatua ya 7: Rudi baada ya masika

Beba nusu mfuko wa saruji na mwiko. Maji huanza kula palipoungana njia na rampu.