Kiwango cha mwitikio wa hojaji: usizipoteze kaya ambazo hazikufikiwa

Kijana mmoja wa utafiti hapa Amu alinionyesha kiwango cha mwitikio kizuri mno, yaani asilimia ya kaya zilizochaguliwa ambazo zilijibu hojaji. Nikashangaa, maana Kizingitini kusi ilikuwa kali na kaya nyingi hazikufikiwa kabisa. Tulikagua hivi. Natumia SQLite, programu ya hifadhidata: ni bure, na data yote hukaa kwenye faili moja.

Hatua ya 1. Uwe na majedwali mawili. La *kaya* lina mstari mmoja kwa kila kaya iliyochaguliwa. La *ziara* lina mstari mmoja kwa kila mara mhoji alipobisha hodi.

Hatua ya 2. Namba za kaya ziwe maandishi kote kuwili. Excel hugeuza 014 kuwa 14, na hapo hazikutani tena.

Hatua ya 3. Kila kaya ibaki na tokeo moja. VLOOKUP ya Excel siitaki hapa: huchukua mstari wa kwanza inaoukuta, na ziara ya kwanza mara nyingi watu hawapo. Mimi huzipa hali namba kwa uzito wake: 1 kamili, 2 nusu, 3 nyumba haikaliwi, 4 walikataa, 5 hawakuwepo. Kisha:

CREATE VIEW matokeo AS
SELECT namba, MIN(hali) AS hali
FROM ziara GROUP BY namba;

Hatua ya 4. Unganisha. Twende polepole.

SELECT k.mtaa, COUNT(*) AS zote,
100 * TOTAL(m.hali = 1) / COUNT(*) AS kiwango
FROM kaya k LEFT JOIN matokeo m
ON m.namba = k.namba
WHERE m.hali IS NULL OR m.hali <> 3
GROUP BY k.mtaa;

Ukiandika JOIN tupu, kaya isiyo na ziara hutoweka. LEFT JOIN huibakisha, hali yake ikiwa NULL, yaani hakuna kilichoandikwa. Wengi hufika hapo wakatulia, kumbe mtego uko mbele. Hali ya 3 lazima itolewe, kwani Shela kuna nyumba za wageni zinazokaa tupu msimu mzima, na hizo si kaya. Basi mtu huandika WHERE m.hali <> 3 peke yake. Lakini NULL haiwi sawa na 3 wala tofauti na 3. Jibu lake ni "haijulikani", na WHERE hupitisha la kweli tu. Kaya zote ambazo hazikufikiwa huondoka kimya kimya, bila onyo lolote. Tuseme zilichaguliwa kaya 80, zikafikiwa 50, zikajibu 45. Utapata asilimia 90, na ukweli ni 56 na kidogo. Kwa hiyo hakikisha jumla ya *zote*, ukiongeza zisizokaliwa, inalingana na mistari ya jedwali la kaya. Isipolingana, usitume ripoti.

TOTAL nimeichagua kwa makusudi: hutoa desimali. Ukigawanya namba nzima kwa nzima, SQLite hukata sehemu ya desimali. Kwenye PostgreSQL, hifadhidata nyingine, TOTAL haipo, itabidi utumie njia nyingine.

Hatua ya 5. Hojaji nusu. AAPOR, chama cha watafiti wa maoni ya umma cha Marekani, kina fomula sita za kiwango cha mwitikio (RR). RR1 huhesabu zilizokamilika tu, RR2 huongeza za nusu. Chagua moja, uitaje kwenye ripoti.

Hatua ya 6. Kwa kiwango cha kaunti nzima, ondoa k.mtaa na GROUP BY, uendeshe upya. Usichukue wastani wa asilimia za mitaa, kwani mtaa wa kaya 10 utapewa uzito sawa na wa kaya 200.