Halojeni na elektroni ya nane: kwa nini klorini inaitangulia florini

Nafundisha kemia Nakuru, na swali hili huwaangusha wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka: ni atomi ipi ya halojeni (familia ya florini, klorini, bromini na iodini, zenye elektroni saba za nje) inayotoa nishati nyingi zaidi ikipokea elektroni? Wengi hukimbilia florini, kwa kuwa wameshakariri kwamba ndiyo yenye uchu mkubwa wa elektroni. Jibu ni klorini.

Hatua ya 1. Andika thamani kwanza, kwa kilojuli kwa moli (kipimo cha wingi wa atomi): florini -328, klorini -349, bromini -325, iodini -295. Alama ya kutoa inaonyesha nishati inatoka, basi linganisha namba bila alama.

Hatua ya 2. Anzia klorini ushuke. Atomi inazidi kupanuka, elektroni mpya inakaa mbali na kiini, mvuto unalegea.

Hatua ya 3. Sasa panda hadi florini, na hapa usiharakishe. Elektroni zake saba za nje zimebanana kwenye tabaka la pili, ambalo ni dogo mno. Ni kama tuktuk iliyokwisha kujaa: wa nane ataingia, ila kwa kusukumwa. (Abiria hubanana kwa miili, elektroni husukumana kwa sababu zote zina chaji hasi.) Msukumano huo unapunguza nishati inayotoka. Klorini inaipokea elektroni kwenye tabaka la tatu, penye nafasi. Tazama florini ilivyoponea chupuchupu kupitwa hata na bromini: tofauti ni 3 tu! Mpangilio basi ni klorini, florini, bromini, iodini.

Hatua ya 4. Usihitimishe kwamba klorini ni kali kuliko florini. Gesi zote mbili huja kwa jozi za atomi, na jozi lazima ivunjwe kwanza. Kuvunja moli moja ya jozi za florini hugharimu kilojuli 158 tu; za klorini, 242. Chukua nusu, kwa kuwa kila jozi hutoa atomi mbili, kisha jumlisha na nishati ya Hatua ya 1:

Florini: 79 - 328 = -249
Klorini: 121 - 349 = -228

Florini imeshinda. Ndani ya maji pengo linapanuka zaidi, kwani ioni ya floridi (atomi ya florini iliyokwisha kupokea elektroni) ni ndogo na molekuli za maji huishika kwa nguvu. Sisi wa Bonde la Ufa tunaifahamu ioni hiyo: ndiyo iliyomo katika maji ya visima vyetu vingi, na ndiyo inayowatia watoto meno ya kahawia. Florini tupu hutaikuta humo. Kila atomi imekwisha kupata elektroni yake ya nane.