Somo: Kutunza boila ya mvuke kiwandani isile mafuta bure

Boila ikianza kula mafuta, wengi hukimbilia bana (kichomeo cha mafuta). Anza na maji. Ukoko (chokaa ya maji iliyoganda) wa milimita moja kwenye mirija unatosha kupandisha matumizi kwa asilimia kadhaa.

1. Kila zamu, jaribu kioo cha maji, kile kinachoonyesha kiwango cha maji ndani ya boila. Vaa miwani. Funga koki ya mvuke na ya maji, fungua ya kutolea. Fungua ya maji peke yake: maji yatoke kwa kishindo. Ifunge, fungua ya mvuke: nao ufoke. Funga ya mvuke na ya kutolea, kisha fungua ya maji na ya mvuke taratibu. Maji yapande papo hapo. Yakisuasua, njia imeanza kuziba na kiwango unachokiona si cha kuamini.

2. Pima ugumu wa maji yatokayo kwenye kilainishi, mtambo unaoondoa chokaa kwenye maji kwa msaada wa chumvi. Nimewahi kukuta daftari lina "sawa" za wiki nzima, zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na tenki la chumvi limekauka kabisa.

3. Toa tope kwa vali ya chini, sekunde chache tu. Ukizidisha unamwaga maji uliyokwisha kuyalipia moto.

4. Rudisha kondenseti, yaani mvuke uliopoa ukawa maji. Kila nyuzi 6 zinazoongezeka kwenye maji ya kulishia huokoa takriban asilimia 1 ya mafuta. Tenki la maji hayo likikaa nyuzi 80 hadi 90, oksijeni nyingi inatoka majini kabla haijaanza kutoboa chuma.

5. Andika joto la moshi siku mirija ikiwa safi. Likipanda nyuzi 20 kwa mzigo uleule, umepoteza kama asilimia 1. Tafuta masizi au ukoko.

MASWALI

Kondenseti yetu inanuka maziwa. Niirudishe tu?
Hapana mkuu, imwage. Kuna sufuria ya koti (ya kuta mbili, mvuke hupita katikati) au kipasha joto kimetoboka. Maziwa na sukari hutoa povu ndani ya boila, na mvuke unatoka umebeba maji.

Mvuke unagusa chakula. Dawa yoyote ya boila inafaa?
La. Tumia iliyoidhinishwa kwa chakula pekee. Haidrazini, dawa yenye sumu ya kuondoa oksijeni, isikaribie kabisa.

Maji yamepotea kwenye kioo na moto unawaka. Niwashe pampu?
Usithubutu! Maji ya baridi yakikuta chuma chekundu, boila inaweza kulipuka. Zima moto, ondoa watu, iache ipoe yenyewe. Isiwashwe tena mpaka mkaguzi aingie ndani.