Kupiga Picha za Majengo na Mitaa Mitupu kwa Mwanga wa Jua

Nimeulizwa mara nyingi mno kwa nini ukuta umetoka mweupe kama karatasi, hivyo naandika somo hili ili anayeuliza tena nimwelekeze hapa.

1. Chunguza jengo linaelekea wapi: ukuta wa mashariki hupigwa asubuhi, wa magharibi alasiri.

2. Fika jua linapochomoza. Wapita njia ni wachache, na mwanga unaoparaza ukuta kutoka ubavuni huonyesha kila ungio la matofali.

3. Weka ISO 100 (kipimo cha unyeti wa kamera kwa mwanga). Usiielekeze kamera juu, maana kuta zitaonekana zikiegemeana; rudi nyuma.

4. Pima mwanga kwenye ukuta wenye jua, si kwenye kivuli. Hapa ndipo nilipoharibu kazi ya asubuhi nzima. Mtaa ulikuwa mwembamba, robo tatu ya picha ikiwa kivulini, nami nikaiachia kamera ijiamulie. Kwa kuwa kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, iliongeza mwanga kwa ajili ya kivuli na kuunguza ukuta wa chokaa niliokuwa nimeufuata, yaani ukatoka mweupe mtupu. Nilipoupunguza mwanga kwenye kompyuta nilipata bapa la kijivu, bila hata ule ufa uliokuwa ukiteremka kutoka dirishani. Tahadhari: kivuli kilichohifadhiwa katika faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) huweza kuangazwa baadaye, lakini sehemu iliyoungua hairudi. Tahadhari nyingine: usiamini kioo cha kamera ukiwa juani, tazama histogramu (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia), na ikiwa imerundikana ukingo wa kulia, punguza. Kwa jua kali lisilo na wingu, anza na f/16 (tundu dogo la lenzi) na kasi ya 1/125 ya sekunde.

Maswali ya wanachama

*Picha zangu bado zinaungua. Tatizo ni nini?*
Hukusema ulipima mwanga wapi. Soma hatua ya nne, kisha urudi.

*Mbona hukutaja kamera ya kununua?*
Kwa makusudi. Somo linahusu mwanga.

*Natumia simu, ndugu mwalimu. Hatua ya nne naifanyaje?*
Gusa ukuta wenye jua kwenye kioo, ushikilie kidole hadi kipimo kijifunge, kisha ushushe mwangaza kidogo.

*Mtaa ninaoupenda hauwi mtupu hata alfajiri. Je, kuna njia ya kuwaondoa watu bila kuwafuta mmoja mmoja?*
Ipo, na nashukuru kwa kuuliza. Tumia tripodi na kichujio cheusi cha hatua 10 (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), ambacho hugeuza 1/125 ya sekunde kuwa takriban sekunde 8, na wanaotembea watafifia. Anayesimama hubaki: katika picha ya barabara ya Boulevard du Temple aliyoipiga Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, mjini Paris mwaka 1838, iliyochukua dakika kadhaa, msongamano wote ulipotea, akaonekana mtu aliyesimama akisafishiwa viatu. Usipokuwa na kichujio, piga picha 15 bila kusogeza tripodi, kisha programu ichukue thamani ya kati ya kila nukta.

*Na majengo ya vioo yanayoakisi mwanga?*
Zungusha kichujio cha polaraizi (kichujio cha lenzi kinachopunguza mwanga unaoakisiwa) huku ukiangalia kioo cha jengo hadi mwako upungue. Simama kwa mshazari, kwani ukiwa mkabala kabisa na kioo, kichujio hakitakusaidia.