Taa za mchana zinazogeuka indiketa: ninavyozifunga kwenye Toyota IST

Mteja akija anataka "zile taa nyeupe zinazogeuka njano", swali langu la kwanza ni moja tu: globu ya indiketa iliyokuja na gari inabaki? Akisema tuing'oe, kazi hiyo siichukui. Utepe wa LED unaowaka mweupe mchana na kugeuka njano ukikata kona ni nyongeza. Indiketa yenyewe ni ile globu.

Hili lilinigharimu kulijua. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga taa hizi kwenye Probox ya dereva teksi. Alitaka mbele paonekane safi, nikatoa globu za indiketa nikaacha utepe peke yake, halafu nikaweka rezista, kipande kinachokula umeme kama globu, ili flasha, yaani kifaa kinachopigisha indiketa, isiharakishe. Masika ilipoanza, maji yakaingia kwenye utepe wa kulia ukafa. Dashibodi ikaendelea kulia tik-tik vilevile, kwa sababu rezista yangu ilikuwa inaidanganya flasha kwamba taa ipo. Dereva anaamini ameonyesha, kumbe mbele ni giza. Akakata kulia, bodaboda akamwingia ubavuni. Kijana yule alitoka na mguu kwenye plasta. Tangu siku ile sijatoa globu ya indiketa ya mtu yeyote, na rezista hizo sizifungi tena.

Mwongozo huu ni wa IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007. Ziko nyingi mitaani na umeme wake ni wa wazi. Vitz, Passo na Probox za miaka hiyo zinafanana nayo kwa sehemu kubwa. Kama gari lako ni la Ulaya na kompyuta ndiyo inayopima mkondo wa kila globu, usilifanyie haya.

Utahitaji jozi ya tepe za LED za rangi mbili zenye waya tatu kila mmoja, relei ya volti 12 (swichi inayovutwa na umeme mdogo), kishikio cha fyuzi na fyuzi ya ampea 5, daiodi moja ya 1N4007 (inapitisha umeme upande mmoja tu), waya wa milimita 0.75 za mraba au 1, mpira wa kubana kwa moto, risasi na pasi yake, malitimita na taa ya kupimia. Klipu zile za plastiki zinazong'ata waya bila kuumenya, waachie wenye haraka. Baada ya mvua mbili tatu shaba ndani yake inakuwa ya kijani.

Hatua ya 1: Jaribu mezani kabla ya kugusa gari

Mara nyingi waya mwekundu ni wa mwanga mweupe, wa njano ni wa indiketa na mweusi ni ethi, yaani hasi. Hakikisha mwenyewe, usiamini rangi. Unganisha mweusi kwenye hasi ya betri na mwekundu kwenye chanya, utepe uwake mweupe. Sasa gusisha waya wa njano kwenye chanya na kuachia, kama nusu sekunde gusa, nusu sekunde achia, mara kumi hivi.

Angalia kwa makini kinachotokea unapoachia. Utepe mzuri unazima weupe tangu mguso wa kwanza na unabaki giza katikati ya mapigo. Weupe unarudi sekunde chache baada ya pigo la mwisho. Utepe mbaya unarudisha weupe kila ukiachia, kwa hiyo unapata njano, nyeupe, njano, nyeupe. Huo rudisha dukani. Mtu anayekuja mbele yako juani hataona indiketa, ataona taa inayochezacheza. Hata Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari inasema taa ya mchana iliyounganishwa na indiketa kwenye taa moja izimike muda wote indiketa inapofanya kazi, inapowaka na inapozima pia.

Jambo la pili la kuangalia ni zile tepe zinazotiririka. Zipo zinazotiririka polepole kiasi kwamba pigo linaisha njano ikiwa imefika nusu tu. Dukani zinapendeza kwa sababu muuzaji anashikilia umeme mfululizo. Kwenye gari, nusu ya utepe haitawaka kamwe. Mimi nachagua inayowaka yote kwa mara moja.

Hatua ya 2: Tafuta waya wa indiketa

Chomoa hasi ya betri, fungua bampa na ufikie nyuma ya taa kubwa, kisha rudisha hasi kwa ajili ya kupima. Washa indiketa ya kushoto na uguse waya za soketi ya globu kwa taa ya kupimia. Unaotafuta ni ule unaowasha na kuzima taa yako kwa mapigo. Sasa zima indiketa na uwashe taa ndogo. Waya huohuo usiwe na umeme. Ukiwa nao, umeshika wa taa ndogo. Weka alama kwa tepu, nenda kulia ufanye vilevile. Ukishamaliza chomoa hasi tena.

Hatua ya 3: Bandika utepe

Safisha plastiki kwa spiriti, iache ikauke, bandika na ukandamize kwa dole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho. Ncha zote mbili zipake silikoni hata kama boksi limeandikwa kwamba haziingizi maji. Waya uning'inie kidogo kwenda chini kabla ya kupanda kuingia ndani, ili maji yadondokee pale yasifuate waya hadi kwenye maungio. Upite mbali na feni ya rejeta.

Hatua ya 4: Umeme wa mwanga mweupe

Hapa ndipo kazi nyingi ninazorekebisha zilipoharibiwa. Mtu anachukua umeme popote, taa inabaki inawaka usiku kucha, asubuhi betri imekufa.

Namba za miguu zimeandikwa kwenye relei yenyewe. Mguu wa 30 unatoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 5, na fyuzi ikae jirani na betri kabisa, ili waya ukichubuka popote mbele, fyuzi ikate. Mguu wa 87 unagawanyika kwenda waya mwekundu wa kila utepe. Mguu wa 86 unapata umeme kutoka fyuzi ya wipa, ambayo ina umeme ufunguo ukiwa umefunguliwa tu. Katikati ya waya huo weka daiodi, mstari wake wa fedha uelekee kwenye relei.

Mguu wa 85 wengi wanaupeleka kwenye bodi ya gari, ambayo ni ethi. Mimi naupeleka kwenye waya wa taa ndogo. Mchana taa ndogo zikiwa zimezimwa, mguu huo unapata ethi kupitia nyuzi za globu za taa ndogo zenyewe. Mkondo wa koili, yaani sumaku ya relei iliyo kati ya mguu wa 85 na wa 86, ni mdogo, hauwezi kuziwasha. Usiku ukiwasha taa ndogo, waya ule unakuwa na volti 12, pande zote mbili za koili zinalingana, relei inaachia na weupe unazima. Hutamchoma macho anayekuja mbele. Njano bado inafanya kazi kwa sababu ina njia yake.

Daiodi ndiyo inayokamilisha hesabu. Bila hiyo, ukizima gari na kuacha taa ndogo, umeme utapita koili kinyumenyume kwenda upande wa fyuzi ya wipa, relei itavuta na weupe utawaka gari likiwa limezimwa. Na kama ulishabadilisha globu za taa ndogo kuwa LED, njia hii haifai, maana LED haitoi ethi ya kutosha. Rudisha globu za kawaida au tumia relei ya pili.

Hatua ya 5: Waya wa njano

Menya waya wa indiketa sentimita moja bila kuukata, zungushia waya wa njano, choma risasi, funika kwa mpira na tepu. Kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia, visikutane popote, la sivyo ukionyesha upande mmoja pande zote zitawaka. Waya mweusi ufunge kwenye bodi uliyokwangua rangi, na nati ikaze.

Hatua ya 6: Pima kabla ya kufunga bampa

Rudisha hasi. Gari likiwa limezimwa, washa taa ndogo: tepe zibaki giza. Zima taa ndogo, fungua ufunguo: nyeupe zote mbili. Washa taa ndogo tena: nyeupe zizime. Zizime, kisha onyesha kushoto: kushoto iwe njano tupu, kulia ibaki nyeupe. Hazadi: njano pande zote. Hesabu mapigo kwa nusu dakika, yawe kati ya 30 na 60.

Mwisho chomoa globu ya indiketa ya mbele kushoto na uwashe indiketa upande huo. Dashibodi inapaswa kuharakisha. Maana yake flasha bado inaitambua globu yake, na siku globu ikiungua dereva ataambiwa. Ikiendelea polepole kama kawaida, utepe wako unakula umeme mwingi kiasi cha kuficha kasoro, tafuta mdogo zaidi. Ikiharakisha, rudisha globu, rudia upande wa kulia, kisha funga bampa umpe mteja ufunguo.