Nova kibete hailipuki kwa miadi: mambo ya kuzingatia kabla ya kupima mwangaza wake

SS Cygni, nyota ya aina ya nova kibete, hukaa karibu na magnitudi (kipimo cha mwangaza) 12, kisha kila baada ya wiki saba au nane hivi huruka hadi 8. Kumbuka magnitudi huhesabiwa kinyume: namba ikipungua, mwanga umeongezeka, na ngazi nne ni sawa na mara 40. Kinachowaka ni sahani ya gesi iliyoporwa kutoka nyota jirani na kukusanyika kukizunguka kibete cheupe, yaani kiini kizito kilichobaki cha nyota iliyokufa. Ikifikia kiwango fulani, haidrojeni hugeuka ioni (atomi zake hupoteza elektroni), mnato huongezeka, na gesi huporomokea ndani kwa kasi. Mpando wote unaweza kwisha kwa siku moja. Jambo usiloliamua kabla ya usiku huo utaliamua gizani, kwa haraka, na aghalabu vibaya.

Anza na chati. Ile ya AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwangaza, ina nyota linganishi (zenye mwangaza unaojulikana) zilizoandikwa namba bila nukta: 84 maana yake 8.4, kwa sababu nukta ingedhaniwa kuwa nyota. Chapisha mbili, moja ya eneo pana na nyingine ya eneo finyu, na uhifadhi namba ya chati, kwani utaiandika kwenye ripoti. Kisha fanya mazoezi ya kulifikia eneo hilo nyota ikiwa bado imelala. Anayeitafuta mara ya kwanza siku ya mlipuko huishia kupima jirani yake.

Kwa jicho, darubini ya macho mawili ya 10x50 (hukuza mara 10, lenzi zina upana wa milimita 50) yatosha kilele cha SS Cygni, ila kwa magnitudi 12 utahitaji darubini kubwa zaidi. Yape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza, na tochi iwe nyekundu na hafifu. Nyota ikiwa hafifu kuliko 84 lakini angavu kuliko 90, na iko thuluthi moja ya njia kutoka 84, andika 8.6. Usipoiona kabisa, andika nyota linganishi hafifu zaidi uliyoiona, kwa alama ya <, mfano <13.4. Wengi huona usiku wa namna hiyo umepotea bure, ilhali ndio unaoonyesha mlipuko ulianza lini.

Wenye kamera huponzwa zaidi na muda wa mwanga, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha. Ukiupanga kwa nyota iliyolala, siku ya mlipuko pikseli zitajaa. Kamera ya biti 16 hukoma kwenye 65,535. Kilele cha nyota kisizidi 40,000 hivi. Programu haitakuonya. Itakupa namba safi kabisa, na mchoro wako utakuwa na kilele bapa kama meza, nawe utadhani ndiyo tabia ya nyota. Kwa hiyo andaa mipangilio miwili mapema, ya kulala na ya kulipuka. Ila muda ukiwa chini ya sekunde 10, mmeto unaosababishwa na hewa huingiza kelele. Ni heri kuvuruga fokasi kidogo ili mwanga usambae kwenye pikseli nyingi, mradi nyota jirani zisigusane. Picha za giza (lenzi ikiwa imefunikwa) na picha bapa (za uso wenye mwanga sawia), za kusahihishia vipimo, zipige kwa halijoto na fokasi ile ile.

Nyota linganishi ichaguliwe kwa rangi pia. Sahani inayolipuka ni ya samawati, na hewa hunyonya samawati kuliko nyekundu. Ukilinganisha na nyota nyekundu, mchoro utateremka polepole kadiri zinavyoshuka angani, na mteremko huo ni wa uongo. Epuka yenye B−V (kipimo cha rangi; kikiwa kikubwa, nyota ni nyekundu zaidi) inayozidi 1.0, tumia kichujio cha V (cha mwanga wa kijani-njano) ukiwa nacho, na uache kupima nyota ikiwa chini ya nyuzi 30 kutoka upeo wa macho, ambako hewa ni nene mara mbili ya ile ya utosini. Weka pia nyota ya ukaguzi, ya pili isiyobadilika: tofauti yake na nyota linganishi ikiyumba, tatizo si nova.

Saa ya kompyuta ilandanishe na mtandao kabla ya kuanza, na kila kitu kiandikwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Hapa tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu: saa mbili usiku ni 20:00, si 2:00. Geuza kwanza, kisha ondoa tofauti ya eneo lako, na uangalie kama tarehe nayo imerudi nyuma.

Kwa nova kibete za kundi la SU Ursae Majoris, kama VW Hydri, mlipuko mkubwa huleta vinundu vidogo vya mwangaza vinavyojirudia. Kwa VW Hydri ni kila dakika 110 hivi, kwa hiyo panga angalau saa nne mfululizo, picha moja kila sekunde 30 hadi 60. Huenda visionekane siku ya kwanza. Usiku wa pili na wa tatu rudi tu. Mtambo unaobeba darubini yako ukigeuka upande nyota inapovuka meridiani (mstari wa kaskazini-kusini unaopita utosini), andika dakika ilipotokea, maana nyota huangukia pikseli nyingine na mchoro unaweza kuruka ngazi.

Wala usifungashe vifaa mwangaza unapoporomoka. WZ Sagittae, nova kibete nyingine, baada ya mlipuko wake wa 2001, ilishuka kisha ikawaka tena mara kadhaa.